Kiyoyozi cha Gereji ya Mkurugenzi Msaidizi wa Uvuli

Jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kulijua kuhusu nchi ya Fukuto ni kwamba huko hakuna joto. Hili si suala la maoni. Mwasisi wa taifa alilitamka mwenyewe katika hotuba ya mwezi wa pili, jasho likimtiririka mpaka miwani ikamponyoka puani. Alisema kwamba joto ni neno walilotuachia wageni ili tujione wachovu, na kwamba kilichopo nchini ni uchangamfu wa hewa. Tangu siku hiyo redio ya taifa hutangaza kila asubuhi kwamba hewa ina uchangamfu wa kawaida. Siku ambazo lami huyeyuka ikang'ang'ania viatu vya watu, hutangaza kwamba hewa ina uchangamfu wa kizalendo.

Kutokana na ukweli huo wa kwanza unafuata wa pili, na mantiki yake haina kasoro. Kama nchi haina joto, kiyoyozi hakiwezi kuwa chombo cha kupunguza joto. Lakini viyoyozi vipo, tena serikali huviagiza kwa meli nzima. Basi lazima viwe na kazi nyingine, na wataalamu walipokaa kikao waliafikiana kwamba kazi hiyo ni heshima. Karani hupewa kidogo, cha ukubwa wa begi la shule. Mkurugenzi Msaidizi hupewa cha kati. Mkurugenzi Kamili hupewa kikubwa kama kabati la nguo, na Waziri hupewa mtambo unaoshushwa kwa winchi. Nyumba moja ina kiyoyozi kimoja, maana mtu mmoja ana cheo kimoja. Hakuna anayeuliza chumba kina ukubwa gani, kwa sababu chumba hakijawahi kuapishwa.

Kila kiyoyozi, kama ijulikanavyo, kina sehemu mbili: ya ndani inayopuliza ubaridi, na ya nje inayotema kile kilichotolewa ndani. Katika nchi nyingine sehemu ya nje hufichwa nyuma ya nyumba. Nchini Fukuto hufungwa mbele, usawa wa uso wa mpita njia, ili mpita njia ajue amepita kwa nani. Watu wenye adabu hupunguza mwendo wakifika hapo, hupokea ile hewa ya moto usoni, huinamisha kichwa kidogo, kisha huendelea na safari.

Zamani kulikuwa pia na daftari la vyeo. Lilihifadhiwa ofisini kwa Waziri, ambamo kwa wingi wa heshima kuta ziliota ukungu, na ukungu ukayala majina. Badala yake ikaundwa Idara ya Wasikilizaji. Hawa ni maofisa waliosomea kazi yao. Hupita mitaani mara moja kwa mwaka, husimama mbele ya kila nyumba, hufumba macho, husikiliza mngurumo, kisha hutamka cheo cha mwenye nyumba. Walichotamka ndicho alicho.

*

Bwana Mwinyimvua Kilindo alikuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Uvuli. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mti uliomo katika viwanja vya serikali unatoa uvuli upande uliopangiwa, na kuandika onyo pale uvuli unapohama baada ya adhuhuri. Alikuwa mtu mwangalifu, wa suruali zenye mstari wa pasi, asiye na tamaa kubwa ila hii moja. Mkurugenzi Kamili alikuwa anastaafu, na Wasikilizaji walitarajiwa kupita mtaani kwa Bwana Mwinyimvua wiki ile ile ambayo binti yake Tunu angeolewa.

Tatizo ni kwamba nyumba ya Bwana Mwinyimvua ilikuwa kimya. Kiyoyozi chake cha kati kiliungua tangu mfungo wa Ramadhani, na sasa ilikuwa zamu yake kuchagua kingine. Kimoja.

Na mkewe alikitaka kile kimoja kiwekwe gereji.

Bi. Sikudhani alikuwa mwalimu wa maarifa ya nyumbani kabla somo hilo halijafutwa ili kupisha somo la uchangamfu. Tangu hapo alikuwa akioka keki katika gereji ya nyumba yao. Gari lililokuwa humo lilichukuliwa na serikali kwa matengenezo mafupi wakati Tunu anaanza kuota meno, na bado linatengenezwa. Hakuna harusi mtaani iliyokatwa keki ambayo haikupita katika mlango ule wa bati. Kwa Tunu alikuwa ameahidi keki ya ghorofa tatu iliyofunikwa maua ya asumini na waridi, yote ya sukari, yaliyokunjwa petali moja moja kwa vidole vyake.

Sukari, hata hivyo, ni kitu kisicho na itikadi. Haisikilizi redio. Ikikutana na hewa yenye unyevu huinywa, na ikishainywa hulegea. Kila ua alilolikunja Bi. Sikudhani asubuhi, kufikia alasiri lilikuwa limeinama kama mtu aliyesomewa hukumu.

Upande wa bwana harusi walishaliona hilo na walikuwa tayari kusaidia. Shangazi yake, Bi. Kibibi, alikuwa na duka la keki maarufu. Ghorofa mbili za chini za keki zake ni maboksi yaliyopakwa aisingi. Maharusi hukata ile ya juu, na wageni hupewa biskuti. Bi. Kibibi alikuwa ameleta salamu, kwa upole mwingi, kwamba mtu hashindani na Mungu wala na hali ya hewa, na kwamba yeye maboksi anayo.

"Baba Tunu," Bi. Sikudhani alisema asubuhi moja wakinywa chai, "hicho kiyoyozi naomba kiwe cha gereji. Tena kiwe kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama cha karani."

Bwana Mwinyimvua alikiweka kikombe mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kukiamsha.

Bi. Sikudhani alimweleza bila kupandisha sauti. Gereji ile ni ndogo. Paa la bati tayari ameshaliwekea dari ya jipsamu yenye sponji juu yake, na chini ya mlango amebandika raba ili hewa ya nje isipenye. Kwa chumba cha namna hiyo kiyoyozi kidogo kitafanya kazi mfululizo, na kwa kufanya kazi mfululizo kitaivuta ile hewa mbichi na kuitoa maji. Kikubwa kitapoza mara moja kisha kitazima, kitawaka tena kisha kitazima, na maji yatabaki palepale hewani.

"Baridi siitafuti mimi," alisema. "Nataka ukavu."

Bwana Mwinyimvua alielewa kila neno. Hata angeulizwa katika mtihani angepata alama zote. Lakini alikifikiria kile kibegi cha shule kikining'inia mbele ya nyumba yake, na Wasikilizaji wamefumba macho, na akaona kwamba kuelewa na kukubali ni idara mbili tofauti.

*

Duka la Ubaridi wa Taifa lina mlango wa vioo na ndani yake kuna uchangamfu mkubwa sana, kwa sababu viyoyozi vya kuuza haviwashwi. Vikiwashwa vitakuwa na cheo, na bidhaa haiwezi kumzidi cheo mnunuzi. Mkuu wa duka, Bwana Tindwa, alimpokea Bwana Mwinyimvua kwa kumfutia kiti kwa leso yake mwenyewe.

Bwana Mwinyimvua alianza kwa mbali. Alisema kuna rafiki yake mmoja, mtu wa kawaida tu, ana gereji.

Bwana Tindwa alitikisa kichwa kwa huruma na kumwonyesha rafiki huyo alivyonavyo. Kulikuwa na feni ya maji, ambayo hupuliza upepo kupitia kitambaa kilicholowa. Katika nchi kavu ni chombo kizuri. Kwa nchi kama Fukuto, ambayo hewa yake tayari inaweza kukamuliwa, kazi yake ni kumsaidia mtu atoke jasho kwa mpangilio. Kulikuwa na kiyoyozi cha magurudumu, chenye bomba nene la kutolea hewa ya moto nje. Lakini kutoboa ukuta wa nyumba ya serikali ni kosa la jinai, kwa hiyo wanunuzi wote hulirudisha bomba lile mulemule chumbani, na mashine hukaa katikati ikipuliza baridi mbele na moto nyuma, bila kumpendelea mtu. Duka lilikuwa limeviuza vingi mno na hakuna aliyelalamika, kwani angelalamikia nini?

"Na kidogo?" aliuliza Bwana Mwinyimvua, akitazama dirishani. "Cha ukutani. Kidogo kabisa."

"Kwa huyo rafiki?"

"Kwa huyo rafiki."

Bwana Tindwa alisogeza kiti. Alisema yeye si mtu wa kuingilia ya watu, lakini amesikia, na mjini kila mtu amesikia, kwamba Mkurugenzi Kamili wa Uvuli anaondoka. Na kanuni inamruhusu mtu anayengojea cheo kuchukua kiyoyozi cha cheo anachokingojea, kwa imani. Aliongeza kwamba Wasikilizaji ni binadamu. Wakisikia mngurumo wa Mkurugenzi Kamili, watasema Mkurugenzi Kamili. Wangesema nini kingine?

"Lakini chumba chenyewe ni kidogo."

"Mheshimiwa, chumba kinahusikaje na utumishi wako?"

Bwana Mwinyimvua alikumbuka sponji darini. Alikumbuka raba chini ya mlango. Kisha Bwana Tindwa alilivuta turubai, na lile kabati likasimama mbele yake, jeupe, lenye nembo ya taifa kifuani, na akajikuta amevua kofia.

*

Lilifungwa kwa sherehe. Wizara ya Uvuli na Upepo ilileta viti, utepe na mwakilishi wa Waziri. Mafundi walilazimika kuondoa rafu mbili za Bi. Sikudhani ili sehemu ya ndani ipate pa kukaa, na sehemu ya nje iliziba dirisha lote la gereji pamoja na nusu ya njia ya waenda kwa miguu. Jirani aliyekuwa na mlango hapo alipongezwa.

Mwakilishi wa Waziri alikohoa, akasema: "Ndugu wananchi, kuanzia leo gereji hii si gereji tena. Ni taasisi. Na taasisi haiulizwi inazalisha nini. Inaulizwa inanguruma kiasi gani."

Watu walipiga makofi. Bi. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la aisingi, anakoroga.

Kiyoyozi kilipowashwa, taa za mtaa mzima zilififia kwa heshima. Gereji ikawa baridi kabla mwakilishi hajamaliza kukata utepe. Kisha, tap, kikazima. Kabla watu hawajakaa, kikawaka tena kwa kishindo, kikapoza, tap, kikazima. Wageni walifurahi sana, wakasema hii ndiyo tabia ya wakubwa, hawafanyi kazi muda mrefu.

Kufikia siku ya pili kuta za gereji zilikuwa zinatoka jasho. Maji yalitelemka juu ya rangi kwa mistari, yakakusanyika sakafuni. Ndani mlikuwa na ubaridi mbichi wa kisimani, na Bi. Sikudhani alikunja maua yake amevaa sweta la Tunu la shule. Maua nayo yalilia. Mwanzo yaling'aa kama yamepakwa mafuta, kisha yakadondosha tone moja moja, kisha waridi lote likateleza ubavuni mwa keki na kuacha nyuma utelezi kama wa konokono.

Hakumgombeza mumewe. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alilifuta lile waridi kwa kitambaa, akakata kipande kingine cha sukari, akaanza petali ya kwanza.

*

Bwana Mwinyimvua, ambaye aliamini taratibu kuliko alivyoamini macho yake, aliiomba serikali impe ushauri. Serikali ikamletea Kamati ya Maridhiano ya Hewa, ikiongozwa na Daktari Nyambo, mtu mrefu aliyevaa koti zito kwa sababu alikuwa amepanda cheo hivi karibuni.

Kamati ilikizunguka kiyoyozi na kuridhika nacho. Kisha ikaigeukia keki.

"Hii imeajiriwa?" aliuliza Daktari Nyambo.

Bi. Sikudhani alisema hapana, hii ni keki.

"Ina cheo gani?"

"Ina ghorofa tatu."

Wajumbe walitazamana. Ghorofa tatu, mmoja alinong'ona, ni sawa na jengo la Naibu Katibu Mkuu. Daktari Nyambo aliuliza kwa sauti ya tahadhari kidogo iwapo keki imewahi kufanya kazi nje ya nchi.

"Itatoka mlangoni Jumamosi," alisema Bi. Sikudhani, "ikiwa nyie mtatoka leo."

Kamati ilitoa matokeo yake palepale. Kwanza, kiyoyozi hakina kosa. Pili, maji yanayoonekana juu ya maua si unyevu bali ni machozi ya shukrani. Tatu, ikiwa familia inaona shukrani zimezidi, basi kiongezwe kiyoyozi cha pili, kikubwa zaidi, kikae ukuta wa pili kikitazamana na cha kwanza ili vidhibitiane, kama inavyotakiwa na kanuni ya mgawanyo wa madaraka. Nyumba itakuwa na vyeo viwili, lakini kwa kuwa kimoja kitakuwa kinampinga mwenzake, jumla itabaki moja.

Walipoondoka, Tunu aliingia gerejini. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye tabia ya kumbembeleza kila mtu isipokuwa nafsi yake. Aliitazama keki, akamtazama mama yake anapuliza vidole vilivyokufa ganzi, akamwambia baba yake kwamba kesho atampigia simu Bi. Kibibi.

"Si vibaya, baba," alisema. "Boksi haliyeyuki."

Alisema akitabasamu, na Bwana Mwinyimvua, ambaye kwa miaka yote ya utumishi alikuwa amewaonya miembe na mikungu bila kutikisika, alitoka nje akasimama mbele ya mashine yake. Ilimpulizia usoni hewa ya moto ya mtu mwenye cheo. Kwa mara ya kwanza aliipima kama mpita njia. Alikuta kwamba ni joto. Halikuwa uchangamfu, lilikuwa joto tu, lile lile lililotolewa mahali fulani na kutupiwa mtu mwingine.

*

Karani wake aliitwa Kibwana Mapande. Serikali ilikuwa imempa makazi kwa makosa ya ugawaji katika ghala la zamani la korosho, na humo aliishi na mkewe, watoto, mama mkwe, na jamaa wa mama mkwe ambao walikuja kwenye msiba wakaona nafasi ipo. Bwana Mwinyimvua alifika adhuhuri. Ni saa ambayo barabara za Fukuto huwa tupu, kwani wananchi wote huwa ndani kwa ajili ya tafakuri.

Ghala lilikuwa refu kiasi kwamba mtu aliyelala mwisho wake alionekana kama fununu. Juu kabisa ya ukuta kilikuwapo kiyoyozi cha karani.

"Kinakutosheni hicho?"

"Mzee, sisi tunakisikia tu," alisema Kibwana. "Baridi yake anaifaidi mjusi aliyelala juu yake."

Bwana Mwinyimvua alilieleza wazo lake kwa maneno machache. La kwake ni kubwa na chumba ni kidogo. Cha Kibwana ni kidogo na chumba ni kikubwa. Hesabu hii ilihitaji ujasiri tu ili ifanyike. Kibwana alikaa chini kwenye gunia.

"Wasikilizaji wanapita Alhamisi, mzee."

"Najua."

"Watanisikia."

"Watakusikia."

"Wanifanye nini?"

"Sijui. Sheria haijawahi kufikiria."

Kibwana alimtazama bosi wake kwa wasiwasi wa kweli, kwa maana alimpenda kadiri karani anavyoweza. "Na wewe, mzee, wakupite hivihivi? Ukurugenzi wako?"

Bwana Mwinyimvua aliinua macho akamtazama yule mjusi. Ukurugenzi alikuwa ameungoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa amekwisha kuchagua hata namna ya kuingia ofisini siku ya kwanza, polepole, kama mtu aliyesahau kwamba amepandishwa.

"Mimi nina harusi," alisema. "Lete mkokoteni."

Mkokoteni uliletwa. Mashine zilipita barabarani mchana kweupe, moja ikienda na nyingine ikirudi, na kwa kuwa raia wote walikuwa katika tafakuri, hakuna aliyeona. Fundi aliyezifunga aliuliza swali moja tu, kama kuna ngazi.

Kile kidogo kiliwashwa gerejini alasiri. Hakikupiga kishindo. Kilianza kuvuma chini chini kama bibi anayevuta uradi, na hakikunyamaza. Kuta ziliacha kutoka jasho. Kwenye bomba lake jembamba maji yalidondoka nje, tone baada ya tone, mpaka yakajaza ndoo, na Bi. Sikudhani aliitazama ndoo ile kwa muda mrefu. Kisha akalivua sweta, akaosha mikono, akakunja asumini ya kwanza na kuiweka juu ya karatasi. Jioni ilikuwa bado imesimama. Aliigonga kwa ukucha, ikatoa mlio mdogo mkavu kama kigae.

"Baba Tunu," alisema, "njoo ushike bakuli."

*

Wasikilizaji walikuja wawili, suti nyeupe, masikio yamesafishwa. Mbele ya nyumba ya Bwana Mwinyimvua walifumba macho. Walisikiliza. Mmoja alisogea karibu zaidi, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Karani," alisema.

"Wa muda," aliongeza mwenzake, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

Bwana Mwinyimvua aliwashukuru. Huo ndio utaratibu.

Ghalani kwa Kibwana walisimama mbali kidogo kwa sababu ya upepo. Lile kabati, ambalo sasa lilikuwa na ghala zima la kupoza, lilinguruma bila kupumzika, kwa sauti nzito na tulivu ya chombo kilichopata kazi inayolingana nacho. Wasikilizaji walivua kofia. Mtoto mmoja alitoka nje amejifunga shuka, akawauliza wanamtafuta nani. Walimwita Mheshimiwa, kwa tahadhari, kisha wakaomba kumwona baba.

Kwa hiyo siku ya Jumamosi, ukumbini, Mkurugenzi Kamili mpya wa Uvuli, Mheshimiwa Kibwana Mapande, aliketi mstari wa mbele akitamani kutoroka, na karani wa muda Mwinyimvua Kilindo alitengewa kiti nyuma, karibu na masufuria. Kutoka pale aliiona keki ikiingia. Ghorofa tatu zilikuwa zimesimama wima. Mawaridi yalikuwa yamechanua, na asumini ilishuka kutoka juu hadi chini kama iliyochumwa asubuhi ile. Bi. Kibibi, shangazi wa bwana harusi, aliizunguka akitabasamu. Alipodhani hakuna anayemwona alichomeka ukucha wake katika ghorofa ya chini kabisa. Ulizama. Aliutoa, akaulamba, akaenda kukaa, na kwa saa nzima hakuwa na la kusema, jambo ambalo ukoo wake walilitaja kwa miaka.

Tunu alikata ghorofa ya chini kwanza. Kila mtu alikula, hadi wapishi, na baba wa bibi harusi alipelekewa kipande chake mahali alipokaa, chenye waridi zima juu yake. Alilipasua kwa meno. Lilikuwa kavu kabisa.

*

Mambo ya namna hii hayafichiki. Mkurugenzi wa Upepo, aliyekuwa na chumba chembamba na kikohozi kisichopona, alibadilishana na mpishi wa shule ya bweni mwenye bwalo. Mkuu wa Itifaki alibadilishana na fundi cherehani. Waziri mwenyewe, ambaye mtambo wake wa winchi ulikuwa umemgandisha shingo ikawa inageuka upande mmoja tu, aliuacha usiku na mchana katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akasema ameusahau. Wasikilizaji walipita, wakasikiliza, wakatamka walichosikia. Wodi ya wazazi ikawa Waziri. Wauguzi, ambao walizoea kujibu mara wanapoitwa, waliendelea kufanya hivyo katika masuala ya uvuli na upepo, na takwimu za mwaka ule zinaonyesha kwamba nchi haikuendeshwa vibaya zaidi kuliko awali.

Serikali, ikitafuta chanzo cha mabadiliko hayo, ilimfikia Bwana Mwinyimvua, na kwa kuwa haikuwa na namna nyingine ya kumwadhibu wala ya kumshukuru, ilimpelekea kiyoyozi. Lori lilisimama mbele ya gereji. Mzigo wake ulikuwa umefungwa utepe, mkubwa kuliko lile kabati; kwa kipimo cha macho, Naibu Katibu Mkuu.

Dereva alishuka na kumtaka asaini. Bwana Mwinyimvua, mikono yake ikiwa na unga wa sukari, aliutazama ule mzigo kutoka magurudumu hadi juu. Haikuwa rahisi, na isisemwe hapa kwamba ilikuwa rahisi. Aliufikiria mngurumo wake. Kisha akaingiza kichwa gerejini, ambamo mkewe alikuwa na oda ya harusi nyingine, akauliza kama wana nafasi.

"Ya nini?" Bi. Sikudhani aliuliza bila kuinua macho.

Alitoka akamwambia dereva kwamba hapa hapana nafasi.

"Mzee, sirudi nacho," alisema dereva. "Hiki ni cheo, lazima kipate mtu."

Bwana Mwinyimvua alitazama huku na huku mtaani. Mwisho wa barabara ilikuwapo shule ya msingi, mabati matupu bila dari, na kwa madirisha yake yasiyo na vioo watoto walionekana wamebanana, wanajipepea kwa madaftari.

"Wapelekee wale," alisema.

Ijumaa iliyofuata, baada ya taarifa ya hewa, redio ya taifa ilitangaza kwamba Darasa la Kwanza B limeteuliwa kuwa Naibu Katibu Mkuu, na kwamba uteuzi huo unaanza mara moja.